Mwongozo wa Kuongeza Furaha kwa Anayeishi Kisumu, Nakuru au Magharibi mwa Kenya

Watafiti wanaopima furaha huwauliza watu maswali mawili tofauti, na ni vyema kuyatenganisha kabla ya kuchukua hatua yoyote. Swali la kwanza humtaka mtu awazie ngazi yenye vidato kuanzia sufuri hadi kumi, kidato cha kumi kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuyapata na sufuri ikiwa maisha mabaya kabisa, kisha aseme amesimama wapi kwa sasa. Ngazi hii ilitokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, katika miaka ya 1960, na ndiyo inayotumiwa na Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2012 na ambayo imekuwa ikiiweka Finland katika nafasi ya kwanza mfululizo kuanzia 2018. Swali la pili halihusu maisha kwa jumla bali siku ya jana: je, ulicheka, ulikuwa na wasiwasi, ulikasirika, ulipumzika vya kutosha?

Majibu ya maswali haya hayaendi sambamba kila mara. Mama anayeuza omena katika soko la Kibuye mjini Kisumu anaweza kushinda akicheka na wenzake na bado akajiweka kwenye kidato cha nne kwa sababu ya karo ambayo hajamaliza kulipa, ilhali karani mwenye mshahara na bima anaweza kujiweka kwenye kidato cha saba na asikumbuke ni lini alicheka hadi machozi yakamtoka. Furaha, kama nitakavyoichukulia hapa, ni mambo haya mawili kwa pamoja: hali ya moyo katika saa za siku, na hukumu ambayo mtu huitoa anapoyatazama maisha yake yote. Mtu anaweza kukosa moja na kuwa na jingine, na kinachoponya moja hakiponyi jingine kila wakati.

Mpangilio nitakaoufuata ni wa kuanza na yale yanayoila furaha, yaani madeni, upweke, mazoea ya kujilinganisha na usingizi mbovu, kabla ya kuongeza chochote kipya. Wahamasishaji wengi wanaoalikwa kwenye semina zetu hufanya kinyume. Humfundisha mtu kutabasamu mbele ya kioo huku mwenye nyumba akibisha mlango kudai kodi. Mimi naona utaratibu huo umegeuzwa juu chini, na nitaeleza sababu katika hatua ya pili.

Kabla ya kuanza: hakikisha si ugonjwa

Huzuni ya kawaida huja na sababu na hupungua hali inapobadilika. Unyogovu ni ugonjwa, na hautibiwi kwa daftari wala kwa matembezi ya kando ya ziwa. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni nzito au umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi umepotea au umezidi, chakula hakina ladha, mwili umechoka bila kazi, akili haitulii kwenye jambo moja au unajiona huna thamani, nenda hospitalini kwanza. Kisumu kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na wakaazi wa upande wa Eldoret wana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kupitia nambari 1199 na kutoa ushauri wa kisaikolojia.

Mwenye mawazo ya kujitoa uhai asisubiri hata siku moja, na asiogope kwamba akisema atakabidhiwa kwa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume cha Katiba. Nenda na mtu unayemwamini, na ukifika usiseme tu kwamba kichwa kinauma au kwamba umechoka, kwa maana utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Mweleze mhudumu wa afya waziwazi kuwa ni mawazo yanayokusumbua, na yalianza lini.

Hatua ya kwanza: weka daftari kwa juma moja

Nunua daftari dogo la shule. Kwenye ukurasa wa kwanza andika tarehe na kidato chako kwenye ngazi, kisha usikiangalie tena. Kila jioni, kwa siku saba, andika saa iliyokuwa bora kuliko zote, saa iliyokuwa mbaya kuliko zote, ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani. Usitumie simu kwa kazi hii, kwa sababu ukiishika utajikuta kwenye mazungumzo ya kundi la ukoo kabla hujaandika neno la kwanza.

Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi: “Jumanne. Saa bora: kumi na moja jioni, nikichambua sukuma na jirani kwenye veranda, akinisimulia alivyokosana na kondakta. Saa mbaya: nne usiku, kitandani, nikitazama picha za harusi ya mtu tuliyesoma naye.” Hakuna haja ya maelezo marefu wala ya kujihukumu. Kinachotafutwa ni mwenendo ambao kumbukumbu huuficha, kwa kuwa mtu akiulizwa ghafla kinachompa furaha hutaja mambo makubwa, kama safari ya Mombasa au gari, ambayo hayamo kabisa katika saa zake za kila siku.

Njia hii ina msingi wa utafiti. Mwaka wa 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, ambao walitakiwa kuigawa siku ya jana katika vipindi na kueleza walivyojisikia katika kila kimoja. Muda wa kuwa pamoja na watu na wa kula ulikuwa miongoni mwa vipindi vizuri, na muda wa kazi na wa kusafiri kwenda kazini ulikuwa miongoni mwa vilivyo duni. Anayepanda matatu kila alfajiri kutoka Ahero kwenda Kisumu, au kutoka Njoro kwenda mjini Nakuru, hatashangazwa na hilo.

Siku ya nane soma kurasa zote kwa mfululizo. Pigia mstari majina ya watu wanaojitokeza katika saa bora, na uzungushie duara saa mbaya zinazojirudia. Hatua zote zinazofuata zitategemea mistari na duara hizo, na ikiwa hatua fulani haigusi lolote kati ya hayo, unaweza kuiruka bila hasara.

Hatua ya pili: shughulikia fedha bila aibu

Kuna usemi unaorudiwa makanisani na kwenye arusi kwamba fedha hazinunui furaha. Usemi huo una ukweli kwa mtu ambaye tayari ana za kutosha. Kwa asiyekuwa nazo, utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu unasema jambo jingine.

Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizipa familia za Rarieda, Kaunti ya Siaya, fedha bila masharti yoyote kupitia M-Pesa. Familia zilizostahili zilikuwa za wakaazi wa nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, na waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu ili waweze kulinganishwa kwa haki na waliokosa. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha matokeo mwaka wa 2016: waliopokea walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo na mabati, na walieleza kuwa na furaha zaidi na kuridhika zaidi na maisha. Matumizi yao ya pombe na sigara hayakuongezeka, jambo ambalo watu wengi waliodhani wanawajua maskini hawakulitarajia. Baadaye utafiti mwingine katika maeneo ya mashambani ya Kenya ulilinganisha fedha na ushauri wa kisaikolojia wa majuma matano. Mwaka mmoja baadaye, fedha zilikuwa zimeinua hali ya maisha na ya moyo, na ushauri haukuonyesha tofauti iliyopimika. Sisemi kwamba ushauri hauna kazi, maana ule ulikuwa mpango mmoja mfupi na waliopewa hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye wasiwasi wake mkuu ni unga na kodi asipelekwe kwanza kwenye tafakuri.

Wengi wetu hatutatumiwa fedha na shirika lolote, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupunguza uchungu wa zile tulizo nazo, na uchungu huo kwa kawaida huwa kwenye madeni. Fungua ukurasa mpya wa daftari na uandike kila deni: unadaiwa na nani, kiasi gani, na linaongezeka vipi. Lijumuishe la dukani, la chama, la mkopo wa simu, la shemeji aliyekusaidia mwaka jana. Kisha yapange kwa kasi ya kukua wala si kwa ukubwa. Fuliza, kwa mfano, hutozwa ada kila siku deni linapobaki, na fedha yoyote inayoingia kwenye M-Pesa hukatwa kwanza. Mtu hupata ujumbe wa kupokea shilingi elfu moja, na kabla hajaupokea moyoni unaingia ujumbe wa pili unaomwambia kilichochukuliwa. Hali hiyo huchosha kuliko kiasi chenyewe. Madeni ya namna hii yalipwe mbele ya yote, na yakiisha mtu ajiondoe kwenye huduma hadi atakapokuwa na akiba ndogo ya dharura.

Madeni ya watu huhitaji tiba nyingine, nayo ni kwenda kumwona mdai kabla yeye hajakutafuta. Sema kiasi na tarehe, hata kama kiasi ni kidogo, kwa mfano: “Kaka, sijaisahau ile elfu sita. Nitakuletea mia tano kila tarehe tano kuanzia mwezi ujao.” Mdai aliyeambiwa hivyo hulala, na mdaiwa pia hulala; tena unaacha kuzunguka barabara ya nyuma ili usipite mbele ya duka lake, jambo ambalo ni sehemu ya gharama ya deni ingawa haliandikwi popote.

Mazishi yanastahili aya yake. Magharibi na Nyanza matanga hubeba gharama ambazo familia haikuzipanga: ada ya mochari, gari la kusafirisha mwili hadi nyumbani, hema, jeneza, na chakula cha watu wengi kwa siku kadhaa. Michango ya kila juma katika makundi ya simu humfanya mwenye kipato kidogo ajione mchoyo mara tatu kwa mwezi. Nashauri mambo mawili. La kwanza ni kujiunga na chama cha kusaidiana wakati wa msiba, kinachochangisha kiasi kisichobadilika kila mwezi na chenye kanuni zilizoandikwa kuhusu nani anahesabiwa kuwa jamaa wa mwanachama. La pili ni kujiwekea kiwango cha mwezi cha michango mingine, na kiwango hicho kikiisha kwenda mwenyewe kukaa na wafiwa. Katika desturi zetu aliyekuja akakaa hakumbukwi kwa ubaya, hata kama jina lake halikusomwa kwenye orodha ya waliotoa.

Kuhusu kamari ya simu nitasema kwa ufupi: kampuni hupanga viwango vyake ili ibaki na faida, mshindi awe nani. Ikiwa mkeka wa Jumamosi unaonekana katika saa bora za daftari lako, angalia kama haurudi katika saa mbaya za Jumapili.

Hatua ya tatu: panga watu kwenye juma lako kama unavyopanga kazi

Utafiti wa Harvard kuhusu maisha ya watu wazima ulianza mwaka wa 1938 ukiwafuatilia vijana wa chuo hicho, kisha ukaunganishwa na mwingine wa wavulana waliokulia mitaa maskini ya Boston, jumla yao wakiwa wanaume 724, na baadaye wake zao na watoto wao wakaingizwa. Robert Waldinger, anayeuongoza, amekuwa akieleza kwamba walioridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Idadi ya marafiki haikuwa na uzito sana. Uzito ulikuwa kwenye kuwa na mtu wa kumtegemea siku mambo yakiharibika.

Upweke wa mjini kwetu una sura yake. Kijana anayetoka Busia au Vihiga na kupanga chumba kimoja Nyalenda, Manyatta au Kaptembwa huishi ukuta kwa ukuta na watu wengi ambao majina yao hayajui, na watu wanaomjua wako mbali. Jumapili humpita akifua nguo na kutazama simu. Mtu wa namna hii akiambiwa atafute marafiki, hajaambiwa lolote. Aambiwe achague majina matatu kati ya yale aliyoyapigia mstari, na kila jina alipe siku maalumu: Jumatano jioni chai na jirani, Jumamosi simu kwa dada aliye Bungoma, Jumapili ya pili ya mwezi samaki na rafiki wa kazini kule Dunga. Siku isiyobadilika huondoa kazi ya kupanga upya kila mara, kazi ambayo kwa kawaida ndiyo huua urafiki kati ya watu wenye shughuli nyingi.

Chama ni chombo ambacho tayari kipo, na wengi hukitumia nusu. Kina mama wakikutana nyumbani kwa mwanachama, wakala, wakaulizana hali ya watoto na ndipo wakahesabu fedha, wamefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Siku hizi vyama vingi vimehamia kwenye simu kabisa: mweka hazina hutuma ukumbusho, watu hutuma mchango, na kikao hakipo. Fedha zinazunguka vilevile lakini hakuna aliyemwona mwenzake amekonda. Ikiwa uko kwenye chama cha aina hiyo, pendekeza kikao kimoja cha ana kwa ana kila mwezi hata kama chakula ni chai na nduma tu. Wanaume wana upungufu mkubwa zaidi hapa, isipokuwa waendesha bodaboda, ambao kwenye steji zao wana kundi la kila siku, mwenyekiti, mfuko wa dharura na mzaha usioisha. Mwanamume wa ofisini hana steji, na anapostaafu ndipo hugundua.

Hata mazungumzo na mgeni yana faida kuliko tunavyokisia. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwataka wasafiri wa treni na mabasi mjini Chicago wazungumze na aliyeketi karibu nao. Wasafiri walitarajia safari mbaya, na walioongea wakasema ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 2014. Safari ya kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho inatosha kuujaribu, mradi jirani yako hajatoka zamu ya usiku na kufumba macho.

Hatua ya nne: punguza mahali pa kujilinganisha

Watafiti wa Rarieda waliwauliza pia wasiopokea fedha, na hapa ndipo maswali yale mawili ya mwanzo yanapoonyesha thamani yake. Kadiri majirani kijijini walivyopata zaidi, ndivyo wasiopata walivyopunguza alama za kuridhika na maisha yao, ijapokuwa hakuna kilichokuwa kimechukuliwa kwao. Lakini furaha yao ya siku hadi siku na msongo wao wa mawazo havikubadilika, na hata kule kutoridhika kulififia muda ulivyopita. Kwa maneno mengine, mabati mapya ya jirani hayakumfanya mtu alie. Yalimfanya atazame ngazi upya na kujishusha.

Kwa hiyo wivu wa aina hii hauhitaji kukemewa kama dhambi. Unahitaji kunyimwa chakula, na chakula chake kikuu siku hizi ni simu. Angalia duara za saa mbaya. Zikiwa usiku na simu mkononi, iache simu ichajiwe upande wa pili wa chumba, na ununue saa ya kengele ya bei nafuu ili usiwe na kisingizio cha kuilaza chini ya mto. Yanyamazishe makundi ambayo kazi yake ni kutangaza viwanja vilivyonunuliwa na nyumba zilizomalizwa. Kama kuna mtu mmoja ambaye kila akionekana unajishusha kidato, acha kufuata kurasa zake. Hatajua, na si ugomvi.

Nyumba ya kijijini ni jaribio kubwa zaidi, kwa sababu Desemba haifichi kitu. Mtu anayefanya kazi mjini hulinganishwa na wenzake kwa kile alichojenga nyumbani kwao, na wapo wanaokopa kujenga vyumba sita watakavyolala usiku chache kwa mwaka. Kabla ya kuanza ujenzi, andika kwenye daftari ni nani atakayeishi humo mwezi wa Machi. Ikiwa jibu ni mama mzazi, jenga kwa kipimo cha mama mzazi.

Hatua ya tano: mwili

Hapa hakuna siri. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, kiasi ambacho anayetembea kwa miguu kutoka Kondele hadi katikati ya Kisumu na kurudi hukifikia bila kujua. Anayekaa ofisini atafute njia ya kupanda: ukingo wa Menengai kwa mkaazi wa Nakuru, msitu wa Kakamega kwa aliye karibu nao. Aende na mmoja wa wale watatu wa hatua ya tatu, ili kazi moja itimize mbili. Pombe hulaza haraka lakini huuvunja usingizi baadaye usiku, na hilo ni la kukumbuka kwa mtu ambaye saa yake mbaya ni alfajiri.

Hatua ya sita: sasa ongeza

Mambo yaliyotangulia yakishashika njia, mazoezi madogo huanza kuwa na maana. Mwaka wa 2005 Martin Seligman na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliandika kila usiku, kwa juma moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu ya kila moja. Miezi sita baadaye walikuwa bado wana furaha zaidi ya kundi la kulinganishwa, hasa wale walioendelea wenyewe bila kuambiwa. Kuandika sababu ni sehemu ya lazima. “Nimeuza nyanya zote” ni jambo. “Kwa sababu niliamka mapema nikapata nafasi karibu na lango” ni jambo lenye mkono wako ndani yake. Shukrani hizi, hata hivyo, zisitumiwe kumnyamazisha mtu. Mfanyakazi ambaye hajalipwa kwa miezi miwili anahitaji mshahara wake, na anayemwambia ahesabu baraka anamlinda mwajiri.

Kutoa pia huongeza furaha ya anayetoa. Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walionyesha mwaka wa 2008 kwamba watu waliopewa fedha kidogo na kuagizwa wazitumie kwa ajili ya wengine waliumaliza mchana wakiwa na furaha kuliko walioagizwa wazitumie kwa ajili yao wenyewe. Kwa hesabu yangu, tofauti ya kutoa huku na michango ya makundi niliyoitaja juu iko kwenye hiari na kwenye kuuona uso wa aliyepewa. Kumnunulia mwenzako chai ya shilingi thelathini ukiwa umekaa naye kunaweza kukuburudisha kuliko kutuma elfu moja uliyolazimishwa kwa aibu.

Na tafuta jambo moja linalokufanya usahau saa, lenye ugumu unaolingana na uwezo wako: kwaya inayojifunza sauti nne, mpira wa jioni, kushona, ngoma ya isukuti kwa waliokulia Isukha au Idakho, bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Kutazama televisheni hakuingii katika orodha hii, kwa sababu hakudai ujuzi wowote.

Hatua ya saba: jipime tena, na utegemee kuzoea

Baada ya miezi mitatu andika kidato kipya bila kufungua ukurasa wa kwanza, kisha linganisha. Usitarajie kuruka kutoka cha nne hadi cha tisa. Binadamu huzoea haraka mema anayoyapata. Utafiti wa 1978 wa Philip Brickman na wenzake uliwakuta washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois hawana furaha ya wazi kuliko watu wa kawaida, na wakipata raha pungufu katika mambo madogo kama kuzungumza na rafiki au kupata kiamsha kinywa. Idadi hiyo ni ndogo, kwa hiyo usiibebe kama sheria, lakini inakuonya kwamba hatua iliyokusaidia mwezi wa kwanza inaweza kufifia mwezi wa nne. Ikififia, ibadilishe sura badala ya kuiacha: andika mambo matatu mara moja kwa juma na si kila usiku, hamisha samaki wa Dunga kuwa mapishi ya nyumbani, badilisha njia ya matembezi.

Ikiwa kidato hakijasogea kabisa, rudi kwenye kurasa mbili tu, ule wa madeni na ule wa majina matatu. Angalia ni deni lipi bado linakua kila siku, na ni nani kati ya wale watatu hujamwona tangu ulipoandika jina lake. Lipange deni hilo kwanza mwezi ujao, na mtu huyo mpigie simu leo kabla ya saa tatu usiku.